Kiyoyozi kinapoza, rutuba inabaki: vikaushi vya hewa vina faida wapi Zanzibar?

Malalamiko mengi ya viyoyozi Unguja na Pemba hayahusu joto. Chumba kimepoa, rimoti inaonesha 18, lakini shuka zina majimaji kama zilizoanuliwa kabla ya kukauka, viatu vya ngozi vimeota koga kabatini, na mlango wa mbao umevimba haufungi. Fundi akiitwa anaongeza gesi, anaosha chujio, anaondoka, na rutuba, yaani ule unyevu, iko pale pale. Kifaa hakina ubovu. Kinafanya vizuri kazi ya kushusha joto, wakati kazi kubwa katika visiwa hivi ni nyengine: kuyatoa maji yaliyomo ndani ya hewa.

Kwa kazi hiyo kuna mitambo ya aina ya pili, inayotumia vikaushi, yaani vitu vinavyofyonza unyevu wa hewa bila ya kuipoza. Anayeiuza atakwambia ni umeme kiasi gani utaokoa. Muulize pia ni moto kiasi gani utatumia. Kikaushi hakiifuti kazi ya kukausha hewa. Kinaihamisha kutoka kwenye umeme na kuipeleka kwenye joto. Kwa hiyo kina faida pale joto hilo linapopatikana bure au karibu ya bure, au pale baridi peke yake inapokuwa haifiki. Nje ya hapo ni gharama juu ya gharama.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala huu unakuwa wa kuvutana tu. Chukua hewa ya jioni yenye fukuto, siku chache kabla ya masika: nyuzi 30, unyevu asilimia 80 ya maji yote ambayo hewa ya joto hilo inaweza kuyabeba. Kilo moja ya hewa hiyo, ambayo ni pungufu kidogo ya mita moja ya ujazo, imebeba karibu gramu 21 na nusu za maji. Hewa ambayo mtu anakaa ndani yake kwa raha, nyuzi 25 na unyevu asilimia 50, ina gramu 10 tu. Basi kila kilo moja ya hewa inayoingia ndani tunataka kuitoa gramu 11 hadi 12 za maji na kuishusha nyuzi 5. Kuugeuza mvuke wa gramu moja kuwa maji kunahitaji kuondoa joto la kilojuli 2.45 hivi, kwa hiyo maji yanatugharimu karibu kilojuli 28. Zile nyuzi 5 hazifiki kilojuli 6. Sehemu tano kati ya sita za kazi ni maji, na sehemu moja tu ndiyo ile hari tunayoilalamikia.

Kiyoyozi chenyewe kilizaliwa kwa ajili ya unyevu. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alitengeneza mtambo wake wa mwanzo kwa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea kwa unyevu na rangi za chapa hazikaliani sawa. Raha ya binadamu ilikuja baadaye.

Sasa tazama kiyoyozi cha kawaida kinavyokausha. Hewa ina kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo ikishuka mpaka hapo inaanza kutoa maji. Kwa ile hewa yetu ya jioni ni nyuzi 26, ndiyo maana gilasi ya maji ya baridi inatokwa na jasho mara tu ikiwekwa mezani. Kwa hewa ya nyuzi 25 na unyevu asilimia 50 ni nyuzi 14. Ili kufika huko, koili ya ndani, yaani yale mabomba ya baridi yanayopitiwa na hewa, lazima iwe na baridi zaidi ya nyuzi 14, na hewa yote inayopita juu yake ipozwe mpaka hapo, hata kama aliyemo chumbani anataka nyuzi 25 tu. Mchana wa jua kali hilo si tatizo, maana joto la dari na madirisha linaimaliza baridi iliyozidi. Usiku wa mvua mambo yanageuka. Chumba kinafika baridi iliyotakiwa kabla hakijakauka, kompresa inazima, feni inaendelea kupuliza juu ya koili iliyorowa, na maji yaliyokuwa hayajadondoka yanarudi chumbani.

Hapa ndipo desturi ya kununua kifaa kikubwa "kisije kikashindwa" inapotuumiza. Kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwenye chumba cha BTU 9,000 kinapoza kwa dakika chache na kulala, na muda wa kukausha haupatikani. Vile vya inveta, ambavyo kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima, havilali, lakini vikienda taratibu koili yao inapata baridi ndogo, na ukaushaji unapungua. Kipimo kizuri ni ndoo iliyoko chini ya bomba la maji nje ya dirisha. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kikifanya kazi mfululizo katika hali ya hewa yetu kitatoa lita moja na nusu hivi kwa saa. Ikiwa ndoo inapata nusu lita na chumba bado kina rutuba, basi kinapoza tu. Majengo makubwa hukwepa tatizo hili kwa kuipoza hewa mpaka nyuzi 13 na kisha kuipasha tena kwa hita ya umeme isiwagandishe watu. Wanalipia baridi, halafu wanalipia kuiharibu.

Vikaushi vinafuata njia nyengine, na kila jiko la hapa linaijua. Masika chumvi inaganda ndani ya kichupa, na watu hutia punje za mchele ili zinywe unyevu. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka hewa ikipita unyevu wa asilimia 75 hivi. Chini ya hapo inabaki kavu. Zile punje zilizomo kwenye vifuko vidogo vya maboksi ya viatu, silika jeli, zina nguvu zaidi: ndani yake ni vitundu vidogo mno, hata gramu moja ikawa na eneo la mamia ya mita za mraba la kunasia mvuke, na katika hewa yenye unyevu mwingi inaweza kubeba maji ya karibu theluthi ya uzito wake.

Kwenye mitambo, silika jeli hupakwa juu ya gurudumu lenye matundu mengi membamba. Gurudumu hilo linazunguka polepole mno, mara 8 hadi 20 kwa saa. Robo tatu yake inapitisha hewa inayokwenda ndani na kuifyonza unyevu. Robo iliyobaki inapulizwa hewa ya moto inayoyatoa yale maji na kuyapeleka nje, na gurudumu linapomaliza mzunguko liko tayari kufyonza tena. Kwa silika jeli hewa hiyo ya moto huwa kati ya nyuzi 60 na 120.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba hewa inatoka kwenye gurudumu ikiwa kavu na ya moto. Mvuke unaponaswa unaliacha joto lake lote kwenye hewa, na kidogo zaidi. Ukiitoa ile hewa yetu gramu 11 na nusu kwa mkupuo mmoja, itaingia na nyuzi 30 na kutoka na nyuzi 60. Kwa hiyo bado utahitaji kuipoza: kwanza kwa kuipitisha kwenye kibadilisha joto kinachopozwa na hewa ya nje au ile inayotoka jengoni, kisha kwa koili ya baridi. Faida ni kwamba koili hiyo sasa haina kazi ya kukausha, inaweza kukaa kwenye nyuzi 16 au 18, na kompresa isiyolazimishwa kufika chini sana hula umeme mdogo kwa kazi ile ile.

Sasa ufanisi wenyewe. Kiyoyozi kizuri, kwa kila uniti moja ya umeme, kinaondoa uniti 3 hadi 4 za joto. Gurudumu la kikaushi, kwa kila uniti moja ya joto linalotiwa, linaondoa nusu uniti ya unyevu, au zaidi kidogo. Mtu akizilinganisha namba hizi moja kwa moja atasema kikaushi ni upotevu. Mwengine atahesabu umeme wa feni na mota ya gurudumu peke yake, aseme ni muujiza. Wote wamelinganisha vitu visivyolingana, kwa sababu wa kwanza ameuhesabu moto kama kwamba ni umeme, na wa pili hakuuhesabu moto kabisa.

Chukua ukumbi wa mikutano wa watu 100 katika hoteli ya Kiwengwa au Nungwi. Kila mtu anahitaji hewa mpya ya lita 10 hivi kwa sekunde, jumla mita moja ya ujazo kila sekunde. Jioni ile ya fukuto, hewa hiyo inaingiza ndani maji ya ziada lita 48 kwa saa: madumu mawili ya lita 20 yanajaa na yanabaki. Kuyatoa ni kazi ya kilowati 32. Kwa njia ya kawaida, ukijumlisha na baridi ya kuifikisha hewa nyuzi 14, unatumia umeme wa kilowati 17 hivi. Kwa gurudumu unahitaji moto wa kilowati 55 hadi 60. Ukiutoa moto huo kwenye hita ya umeme, umezidisha bili mara tatu na nusu. Ukiupata bure, umeme unaobaki wa feni, mota na kupoza ile hewa ya moto ni kilowati 5 au 6, yaani theluthi. Mtambo ni ule ule, na tofauti yote imetokana na mahali moto ulikotoka.

Moto wa bure Zanzibar uko wapi? Jenereta hutoa moshi wa moto wa kutosha na kubaki. Lakini tangu waya mkubwa wa chini ya bahari wa kutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba, Unguja, uanze kazi mwaka 2013, jenereta nyingi zimekuwa za akiba, tofauti na ile miezi mitatu ya giza kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 zilipokuwa zikinguruma usiku kucha. Huwezi kupanga ukaushaji wa kila siku juu ya mashine unayoomba isiwake. Mitambo mikubwa ya kupoza ya hoteli nayo inatupa joto jingi nje, lakini ni la nyuzi 40 hadi 50, na silika jeli ya kawaida inataka zaidi ya hapo. Kuna vikaushi vipya vya jamii ya plastiki vinavyokubali nyuzi 50, na naviona vina mustakbali mzuri kwetu. Jua lipo, na mirija ya kioo iliyotolewa hewa ndani inafikisha maji nyuzi 70 hadi 90 bila ya shida wakati wa kaskazi. Tatizo ni kwamba mwezi wa Aprili, unyevu unapokuwa umefika kileleni, wingu limetanda siku nzima. Anayekuuzia mtambo wa jua lazima aoneshe utafanya nini wiki hiyo.

Kuna shimo jengine ambalo vipeperushi kutoka nje havilitaji. Hewa ya kukaushia gurudumu nayo inachukuliwa nje, na nje kwetu tayari imejaa maji. Gurudumu linalofanya vizuri kwa nyuzi 60 katika kiangazi cha Ujerumani, hapa kwa nyuzi hizo hizo na kwa kupita mara moja litatoa nusu tu ya tunachotaka. Ama upandishe moto, ama uweke magurudumu mawili, ama ugawe kazi.

Kugawa kazi ndiko ninakokukubali. Koili ya baridi ni hodari hewa inapokuwa nzito kwa maji: kuishusha kutoka umande wa nyuzi 26 hadi 14 ni kazi inayoiweza. Inaanza kushindwa chini ya nyuzi 10 au 11, kwa sababu maji ya baridi ya mitambo mingi yanatoka na nyuzi 7, na ukizidi kushuka barafu inaganda kwenye koili. Kikaushi ndipo kinapoanza kung'ara, pale penye gramu chache za mwisho. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa vikaushi Zanzibar, kwa maoni yangu, ni vyumba vinavyotakiwa viwe baridi na vikavu kwa pamoja, kabla ya kumbi za hoteli.

Chukua chumba cha upasuaji. Madaktari waliovaa magauni mazito chini ya taa kali wanataka nyuzi 18. Koili inawapa hewa yenye umande wa nyuzi 12, na hewa hiyo ikiwa na nyuzi 18 unyevu wake ni asilimia 68. Kila anayejaribu kuongeza baridi ili chumba "kikauke" anapandisha asilimia hiyo juu zaidi, mpaka matone yanaonekana kwenye midomo ya hewa na madoa meusi ya koga yanatokeza darini, mahali ambapo mgonjwa amelala kidonda kikiwa wazi. Kufika asilimia 50 unahitaji umande wa nyuzi 7 na kitu, na maji ya nyuzi 7 hayawezi kukufikisha hapo. Weka gurudumu dogo baada ya koili: linabakiwa na gramu mbili na kidogo tu za kutoa kwa kila kilo ya hewa, hewa inapanda nyuzi 6 hivi ambazo ni rahisi kuzishusha, na moto unaohitajika ni mdogo. Hapa hata moto wa umeme unavumilika, kwa sababu njia ya pili ni kugandisha koili na kupasha hewa tena, nayo ni ghali vile vile.

Maghala ya dawa yako katika hali hiyo hiyo. Kwa karatasi hesabu inabadilika kidogo. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizoko Kilimani, pamoja na miswada yake ya Kiarabu na barua za mabalozi wa karne ya 19, ni mali isiyo na mbadala. Koga huanza kushika karatasi unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa siku kadhaa. Chumba cha nyaraka chenye nyuzi 20 na unyevu asilimia 75 ni hatari kuliko chenye nyuzi 27 na asilimia 50, ingawa joto nalo huzeesha karatasi polepole. Kibaya kabisa ni kiyoyozi kinachozimwa jioni wafanyakazi wanaporudi nyumbani: hewa ya nje inapenya usiku na kukuta karatasi na rafu baridi. Kikaushi kidogo kinachofanya kazi peke yake usiku, bila ya kupoza, kinaokoa zaidi ya viyoyozi viwili vya mchana.

Kwa hoteli na maofisi, gurudumu lenye tija kuliko yote ni lile lisilohitaji moto hata kidogo. Linapakwa kikaushi kama lile la kwanza, lakini linazunguka haraka, mara 20 hivi kwa dakika, nusu yake ikipitisha hewa inayoingia na nusu hewa inayotoka. Hewa inayotoka imeshapozwa na kukaushwa kwa pesa za mwenye jengo. Gurudumu linachukua unyevu na joto la hewa mpya na kuvikabidhi kwa hewa inayotupwa. Likirudisha asilimia 70, kiwango ambacho magurudumu mazuri hukifikia, zile lita 48 za ukumbi wetu zinabaki 14 au 15. Sharti lake ni kwamba hewa chafu itoke kupitia mfereji mmoja unaopakana na ule wa kuingizia, na majengo yetu mengi yanaiacha itoke kupitia madirisha ya vyoo. Hilo linatakiwa liamuliwe kwenye mchoro, kabla tofali halijapangwa.

Nyumbani jibu langu ni fupi zaidi. Vile vikopo vya kalsiamu kloraidi vinavyowekwa kabatini vinafaa kabatini. Hewa ya kabati lililofungwa ina gramu chache tu za maji ya ziada. Chumba cha mita 4 kwa 4 ambacho hewa yake inabadilika mara moja kwa saa kupitia nyufa za milango kinaingiza zaidi ya nusu lita kila saa, lita 15 kwa siku, na hakuna kikopo cha kushindana na hilo. Ziba nyufa, nunua kiyoyozi cha saizi ya chumba, na usiwashe kifaa dirisha likiwa wazi. Nyumba za Mji Mkongwe zina hukumu yake: ukuta wa mawe na chokaa unavuta maji kutoka chini na kuyatoa pande zote mbili, na ukikausha chumba kimoja kwa nguvu ukuta unaendelea kukiletea maji ya jirani. Kuupaka rangi ya plastiki kunayafungia ndani mpaka plasta inabanduka. Nyumba hizo zilijengwa kwa upepo wa baharini, na feni bado inazifaa kuliko mtambo wowote nilioueleza hapa.

Kuna pia mitambo inayotumia maji ya chumvi kali, kama lithiamu kloraidi, badala ya gurudumu. Inakausha kwa moto mdogo zaidi na inaosha vumbi, lakini chumvi yake inakula chuma, na hapa bahari peke yake inatosha kwa kazi hiyo.

Atakayeamua kununua gurudumu ajue kwamba adui zake ni moshi wa jikoni, mafuta na vumbi, ambavyo vinaziba vitundu vya silika jeli bila ya dalili yoyote ya nje: gurudumu linazunguka, feni inavuma, moto unaliwa, na hewa haikauki. Si kipuri cha kukitafuta sokoni Darajani, kwa hiyo chujio mbele yake ni muhimu kuliko rangi ya kasha lake. Mkataba utaje lita ngapi za maji zitatolewa kwa saa, kwa moto wa nyuzi ngapi, kutoka chanzo gani. Na mtambo ukikamilika Julai, kipupwe kikivuma na hewa ikiwa nyepesi, malipo ya mwisho yasubiri kipimo cha mwezi wa Aprili.